Siku Niliyoomba Doa Libaki Kwenye Karatasi

Marahaba, wajukuu zangu. Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu nawajua, mkishika simu mnasahau shikamoo. Leo nawasamehe, maana ninyi ndio mlioniomba niandike. Kikundi chenu cha kutengeneza mafuta ya ngozi kiliniletea sukari na majani ya chai, mkasema, "Babu Zefania, tuandikie habari za kazi yako ya mtambo, tupate kujifunza." Mlitaka vichekesho, najua. Ninavyo, na nitawapa. Lakini nawaambia tangu mwanzo kwamba ninaandika nikiwa na hofu. Mkamwana wangu Stela, mke wa mwanangu Amosi, yuko jikoni hapo upande wa pili wa ukuta. Ana mimba kubwa, na sina hakika itaishia wapi. Mafuta kama yenu yamo ndani ya habari hii, kwa hiyo msome hadi mwisho hata kama mnachoka haraka.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mtambo wetu ulikuwa bondeni, chini kidogo ya mji wa Lushoto, karibu na kijito. Unajaza majani kwenye pipa kubwa la chuma, unafunga kifuniko, chini unawasha kuni. Mvuke unapanda katikati ya majani, unabeba mafuta yake, unaingia kwenye bomba lililolala ndani ya maji ya baridi, unapoa, unadondoka kwenye chupa. Maji yanakaa chini na mafuta yanaelea juu. Ya mdalasini ndiyo makaidi, hayo yanazama. Tulipika mkaratusi, rozmari, mchaichai na mkafuri, na mara nyingine lori lilitoka upande wa Zirai limejaa majani ya mdalasini, tukanukia wote kama chai ya sikukuu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Vuga, mfupi, mwenye maneno machache na pua isiyodanganywa. Siku yangu ya kwanza hakunieleza chochote. Alinionyesha rundo la majani ya mkaratusi, akaniambia nilijaze pipa. Nilibeba na kushindilia asubuhi nzima mpaka mgongo ukaniuma. Mchana ulipokwisha aliniletea chupa ya soda ambayo haikujaa.

"Haya ndiyo majani yako yote," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananitania mgeni.

"Mama yako akikufukiza kwa mafua anachuma matawi mangapi?"

"Kiganja kimoja, mzee."

"Basi ujue hapa ndani mna shamba. Usiyaite majani tena."

Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa milimani, na sijui kama watu wa pwani wanalo. Tumekua na majani. Mtoto akikohoa tunachemsha mkaratusi, tumbo likiuma tunachemsha mchaichai, nyuki tunafukuza kwa majani, mbu tunafukuza kwa majani. Kwa hiyo mtu akituletea chupa na kusema imetoka kwenye majani, tunaona ametuletea kitu cha nyumbani. Hatuulizi majani mangapi.

Somo la pili la Mzee Shabani lilikuwa la kikombe. Kulikuwa na vile vikombe vyeupe laini vya kutupa, vilivyobaki kwenye sherehe fulani. Alimimina mafuta kidogo ndani ya kimoja, akakiweka juu ya benchi, akaniambia niendelee na kuni. Niliporudi kikombe kilikuwa kimelegea na kuingia ndani, na mafuta yameanza kuvuja kwenye mbao. Sikucheka siku hiyo. Nilitazama mikono yangu, iliyokuwa imelowa mafuta hayohayo tangu asubuhi, nikaenda kunawa kijitoni kwa sabuni ya kufulia.

Wapo waliotaka kujifunza kwa ngozi zao wenyewe. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, Kaniki, kijana mtanashati, aliyekwenda Mlola kuposa. Asubuhi ya safari alichota mafuta ya mdalasini akajipaka makwapani, safi kama yalivyotoka bombani, ili wakwe wamnuse na kufurahi. Kufika kwa wakwe hakuweza kushusha mikono. Alikaa mbele ya wazee ameiinua pembeni kama kuku anayekausha mabawa, jasho linamtoka, na mzee mmoja akauliza kwa upole kama bwana harusi ana maombi maalumu. Walimpa mke, lakini kwapa zilimbanduka ngozi, na mkewe humkumbusha hadi leo. Tulicheka sana. Mzee Shabani hakucheka, akasema mshukuruni Mungu ni kwapa tu.

Sikumwelewa mpaka nilipoona alivyowajali wanawake wa mtambo. Walikuwepo wengi, wakikata majani, wengine wakijaza chupa kwenye chumba cha ndani ambako harufu ilikuwa kali hadi macho yanatoa machozi. Mzee Shabani hakutaka mwenye mimba akae chumba kile. Tatizo ni kwamba kwetu mimba haitangazwi. Mnajua wenyewe, mwanamke huficha hadi kanga ishindwe kuficha, kwa kuogopa macho ya watu, na mwanamume asiye mumewe haulizi kamwe. Angeulizaje? Basi alipigilia msumari kwenye nguzo ya banda la majani, lile la wazi lenye upepo. Mwanamke akitaka kuhamia kule alitundika kanga yake kwenye msumari ule asubuhi, basi. Hakuna neno lililosemwa. Mzee Shabani akiiona kanga anapanga kazi upya, na sisi wengine tunajifanya hatuoni.

Mmoja hakutundika. Simtaji jina. Alianguka ndani ya chumba cha chupa, tukamtoa nje kwenye hewa, akazinduka. Baadaye tukasikia mimba imetoka. Je, ni mafuta? Ni uchovu? Ni kitu kingine kabisa? Hakuna aliyejua, na mtu akiniambia leo kwamba anajua sitamwamini. Lakini Mzee Shabani alikaa siku nzima kando ya kijito bila kula. Alipoondoka akaniambia, "Zefania, kafuri mimi naijua kwa kazi na naijua kwa msiba. Tunawapaka wafu wetu. Nikiinusa karibu na mwenye mimba, moyo wangu unasimama." Mimi ni Mlutheri, wafu wetu hatuwapaki kafuri, lakini toka siku hiyo na mimi ikawa hivyo.

Baadaye meneja mwingine alikuja na mambo ya kisasa, glavu, miwani, feni ukutani, na bango lenye picha ya mwanamke mjamzito aliyewekewa alama nyekundu. Mambo mazuri, siyapingi. Msumari ukang'olewa nguzo ilipobadilishwa. Kisha nikastaafu, nikabaki na pua.

Sasa nawaambia habari ya pua hiyo.

Stela aliolewa kwetu akitokea huko Mlola, binti mpole, mkimya mno. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hatukuizungumza. Mke wangu alimpikia uji, akamfulia nguo, na mimi nilichoweza ni kuchanja kuni nyingi kuliko zilizohitajika. Ilipokuja hii ya pili hakuna aliyesema chochote, ila mke wangu alianza kumkataza kubeba ndoo, na magogwe yangu mtini, matunda yale machachu, yakawa yanaisha kabla hayajaiva. Nikajua. Nikanyamaza, kwa sababu ndivyo baba mkwe anavyotakiwa. Kwetu mimi na mkamwana hatukai benchi moja, hatupeani mikono, na habari za mwili wake kwangu hazipo kabisa.

Kisha dada wa mke wangu akaugua, mke wangu akaenda kumuuguza, tukabaki nyumbani mimi na Stela na mbuzi, kwa kuwa Amosi yuko barabarani na lori la mboga. Asubuhi moja Stela aliniletea chai barazani, akaiweka, akapiga goti, "Shikamoo baba," akageuka. Nikanusa kafuri.

Nilidhani naota kazi. Mchana akapita na ndoo ndogo, nikainusa tena, na nyuma yake mkaratusi. Haikuwa harufu ya majani ya kujifukiza, iliyo nyepesi na yenye unyevu. Ilikuwa ile ya chumba cha chupa. Kesho yake ikawa kali zaidi, na nikamwona anajikuna tumboni juu ya kanga, halafu akaona namwona, akaingia ndani haraka. Chai nikaiacha ikapoa.

Nikampigia mke wangu.

"Mama Amosi, kuna jambo."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimenusa kafuri."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu wa humu ndani."

"Baba Amosi! Unamnusa mkamwana?"

"Simnusi! Harufu imenifuata barazani!"

"Nyamaza hivyohivyo. Usithubutu kumwambia. Atafunga mizigo arudi kwao, na watu wa Mlola tutawaambia nini, kwamba baba mkwe alikuwa ananusa? Nitampigia mimi."

Akampigia kweli, kisha akanirudia. Alikuwa amepoa. "Ni mafuta ya ngozi tu, baba. Tumbo linamuwasha na anaogopa michirizi. Kanunua kwa vijana, anasema ni majani tu, ya asili. Hayajachanganywa na kitu chochote, ni safi kabisa."

Kwake yeye hilo lilikuwa neno la kumtuliza mtu. Mimi nikakaa kwenye gogo la kuchanjia kuni. Nilimweleza habari ya pipa na chupa ya soda. Akasema nimezeeka, naleta hofu za kazini nyumbani. Nikampigia Amosi. Kelele za lori, halafu, "Baba, hayo mambo ya wanawake, ongea na mama." Basi nikawa nimezunguka nimerudi palepale, mzee mzima mwenye ujuzi wote na mdomo uliofungwa.

Vijana, mmoja wenu ndiye aliyemuuzia. Simtaji, anajijua, na ninaamini hakukusudia ubaya. Mlimwandikia kwenye chupa "safi kabisa, haijachanganywa", kwa sababu sote tuliotoka kwenye mtambo tuliusifu usafi. Wanunuzi wetu walidai mafuta yasiyoghushiwa kwa mafuta ya kupikia, na walikuwa na haki, wao waliyapeleka viwandani kwenda kuchanganywa na watu wenye mizani. Hayakwenda tumboni kwa mtu.

Nilikaa na hofu hiyo siku nzima iliyofuata. Nilijaribu kufikiri njia. Kumwambia mchungaji? Angemwambia mke wake, na mkewe angewaambia kwaya nzima. Mchana Stela alitoka jikoni akashika ukuta. Alisimama hivyo, ameinamisha kichwa, kisha akakaa kizingitini taratibu kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Midomo ilikuwa imepauka. Nikamkumbuka yule mwanamke wa chumba cha chupa.

Hapo nikakumbuka pia jinsi babu yangu alivyokuwa akimwambia mama yangu mambo mazito. Alimwambia kuku. Mama yuko karibu anasikia, babu anamtazama kuku, na heshima haivunjiki. Kuku sikuwa naye pale. Mbuzi alikuwepo, amefungwa kati yangu na mlango wa jikoni, anatafuna maganda. Nikamgeukia. Nilijiona mjinga, lakini nilisema.

"Wewe mbuzi. Mimi nimepika mafuta ya majani maisha yangu yote. Kuna mafuta ambayo hayafai kupakwa hivihivi, hata kwa mwanamume mwenye ngozi ngumu kama Kaniki. Na kwa mtu anayebeba mtu, mimi nayaogopa. Ukimwona mwenye chupa, mwambie asitishe."

Mbuzi alitafuna. Stela hakuinua kichwa. Nilidhani ndiyo basi, sasa anafunga mizigo. Kisha nikasikia sauti ndogo.

"Mbuzi, mwambie baba yaliniunguza. Nikadhani yakiunguza ndiyo yanafanya kazi."

Mungu wangu. Nilimshika mbuzi pembe ili nisianguke.

"Mbuzi, muulize alipaka kiasi gani."

"Mwambie kiganja. Asubuhi na jioni."

"Ameyachanganya na alizeti? Na mafuta ya nazi?"

"Mwambie walioniuzia walisema nitie matone kwenye mafuta mengine. Lakini mimi nilitaka yafanye kazi upesi. Labda yalikuwa yameshachanganywa, mbuzi. Labda ni mepesi."

Nililishika neno hilo kama mtu anayezama. Labda walichanganya wenyewe, wakaandika "safi" kwa kujisifu tu. Wafanyabiashara hudanganya, na siku hiyo nilimwomba Mungu wawe wamenidanganya. Nikasema alete chupa. Aliiweka kizingitini, akarudi ndani hatua chache, ndipo nikaenda kuichukua.

Sasa hili mlijue, ni ujuzi wa kazi. Mafuta ya mtambo yaliyo safi, ukiyadondosha kwenye karatasi, hupotea hewani na karatasi hukauka. Ukiyachanganya na mafuta ya kupikia, doa hubaki, jeupe likitazamwa kwenye mwanga, na haliondoki. Ndivyo Mzee Shabani alivyowakamata waghushi. Akiona doa alilia kwa hasira, na mimi nilirithi hasira hiyo, miaka yote nikiona doa nilikuwa naona mwizi.

Nilitoa karatasi ya daftari. Stela akasogeza chupa ya alizeti bila kuambiwa. Nikadondosha tone la alizeti upande mmoja na tone la chupa yake upande mwingine, nikaiweka karatasi juani, nikaibana kwa mawe. Tukangoja, mimi nje na yeye nyuma ya mlango. Alizeti ilikaa. Lile la pili lilikuwa linapungua pembeni. Nililitazama nikisema moyoni, baki, tafadhali baki, hata kidogo tu, niwe mwizi mimi, wawe wezi wote, ila wewe baki. Likaendelea kupungua. Likawa kama kucha. Nikainua karatasi kwenye jua, na upande ule ilikuwa karatasi tupu.

"Mbuzi," Stela akasema, "muulize baba, mbona moja limepotea?"

Sikuweza kumwambia mbuzi jambo hilo. Niligeuka nikamtazama mwanangu yule machoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Stela, nenda ukanawe tumbo kwa sabuni, unawe tena, halafu vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

Akaanza kulia. Hakuficha uso. "Baba, tangu jana hajacheza."

Sikumbuki nilivyofika kwa jirani. Nakumbuka nilivyopiga kelele, na gari lake la kabichi likatoka kabla hajamaliza kufunga turubai. Stela alikaa mbele na dereva, mimi nyuma kwenye kabichi nimeshika chupa kwa mikono miwili, maana nilijua wataiuliza. Barabara ile ya kushuka ina kona, ninyi mnazijua. Kila kona nilihesabu kosa lingine la Mungu kwangu, kisha nikaomba msamaha, kisha nikaanza tena.

Kwenye benchi la wajawazito walikuwepo akina mama wengi, wakanitazama. Mzee mwenye majani ya kabichi kwenye koti, amemleta mkamwana wake kliniki. Mmoja alifunika mdomo kwa kanga akicheka. Wacheke. Nesi alikuwa binti wa rika lenu.

"Shikamoo mzee. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba. Baba mkwe."

Aliinua nyusi, lakini nilipomnyooshea chupa akaifungua, akainusa, akarudisha kichwa nyuma na uso wake ukabadilika. Hakuuliza tena habari ya ukwe. Aliuliza ni mimea gani, amepaka wapi, kiasi gani, tangu lini, amekunywa? Hakunywa, namshukuru Mungu. Nilijibu yote, hata neno tumbo nililitaja mbele ya watu. Wakamwingiza ndani, daktari akaitwa, pazia likavutwa.

Mnajua ile pembe ndogo wanayoiweka tumboni kusikiliza? Mimi nilikuwa nje ya pazia. Nilisikia nesi anasema, "Geuka kidogo." Kisha kimya. "Geuka huku." Kimya tena. Akina mama wa benchini hawakuwa wanacheka sasa, yule wa kanga alikuwa ameshika mkono wa mwenzake. Mimi nimesimama kwenye moto wa mtambo, nimewahi kuona kifuniko cha pipa kikiruka na kupita karibu na sikio langu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kimya kile. Niliwaza nitamwambia nini Amosi. Niliwaza kuni nitakazochanja.

Pazia likafunguka. "Moyo tunausikia," daktari akasema. "Unakwenda, ila tunataka kumwangalia mama. Abaki hapa."

Nikamuuliza kama mafuta ndiyo yaliyomdhuru. Alinijibu kwa unyoofu, na kwa hilo namheshimu. Alisema hajui ni kiasi gani kimepita kwenye ngozi, na hakuna anayeweza kupima hapo. Ngozi ya tumbo imeungua, hilo analiona. Kafuri, na nyingine kali za namna hiyo, hapendi kabisa zimkaribie mjamzito. Zipo nyingine nyepesi ambazo kidogo kilichochanganywa vizuri huenda kisimdhuru mtu, ila mjamzito aulize kabla ya kupaka, asiulize baada. Na kama mtoto amepunguza kucheza, mama asingoje mtu, aje siku hiyohiyo.

Alibaki hospitali siku kadhaa. Mke wangu alirudi kutoka kwa dada yake akiwa amejitayarisha kunigombeza. Alipoliona tumbo la Stela alipokuwa akimbadilisha nguo, alitoka nje akakaa nami kwenye ngazi, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu harusi.

Sasa ninyi. Sisemi mfunge kikundi. Mna akili, mna mikono mizuri, na rozmari yenu ni nzuri kuliko yetu. Lakini msimwandikie mtu "safi" mkadhani mmemwambia "salama". Changanyeni ninyi wenyewe, kwa mizani, mkiwa mmefundishwa na wanaojua, msiniulize mimi, mimi nilijua kupika tu. Msimwachie mnunuzi ahesabu matone, kwa sababu mnunuzi ana haraka na ana hofu ya michirizi. Msiwaambie watu watie kwenye beseni la kuogea, yataelea juu na kuwagusa jinsi yalivyo. Mafuta makali ya kafuri msiyauze kwa mtu wa kupaka mwilini hata akiwabembeleza. Na akija mwanamke, msimuulize kama ana mimba, hatawaambia. Mwambieni kila mwanamke, mzee na kijana, mwenye tumbo na asiye nalo, kwamba hii haifai kwa mjamzito, mpeni na maneno hayo kwenye chupa kwa herufi kubwa. Mwenye siri yake atasikia bila kuvuliwa nguo. Huo ndio msumari wa Mzee Shabani, na ningependa muupigilie upya.

Stela amerudi nyumbani. Ngozi inapona, imebaki na mabaka. Hakuna aliyenihakikishia kitu, na mimi sijamuuliza mtu mara ya pili, kwa kuogopa jibu. Heshima yetu imerudi mahali pake, hatukai benchi moja, hatutazamani. Ila kila asubuhi anapompelekea mbuzi maganda, huinama akamwambia, si kwa sauti kubwa, "Mbuzi, mwambie baba amecheza." Ndipo mimi huweza kunywa chai.

Leo maganda yamechelewa. Nimeanza kuwaandikia ninyi kulipokucha ili nisisikilize ukuta, na jua sasa limefika kwenye gogo la kuni. Mbuzi amelia mara nyingi. Mke wangu ameenda kuteka maji. Kuna kitu kimeanguka jikoni sasa hivi, kimevunjika, na baada yake kimya. Kalamu imenitoka, nimeiokota chini. Nimesimama, nimekaa tena, kwa sababu mlango umefunguka.

"Mbuzi," Stela amesema, na sauti yake ina kicheko ndani, "mwambie babu aache kuandika aje anywe chai. Mtu wake amenipiga teke hadi kikombe kimeniponyoka."

Babu, amesema. Nimemwomba mbuzi amjibu kwamba babu amesikia, anakuja.